Samaki wa mzee kaning'ata

Shoga, uko? Yule samaki wa mume wangu, yule mwenye kichwa kama cha nyoka, kaning'ata kidole!

Si unajua mzee anavyomlisha nyama kwa mkono, huku akimwita "mrembo wangu"? Mimi mara ya mwisho kuitwa hivyo, mama wa hawa wajukuu alikuwa hajazaliwa.

Leo nikasema ngoja nimlishe mimi, mzee anione. Nikatumbukiza mkono kwenye tangi la kioo. Chap! Damu.

Mzee kaja mbio. Unajua kauliza nini? "Hajaumia mdomo?" Mdomo, shoga! Wa samaki!

Nikamwambia, "Haya, leo mrembo wako akupikie."

Sasa namsikia jikoni anafungua makabati yote, anatafuta chumvi. Simwambii ng'o.