Mkanda wa Joto Kabla ya Harusi

Kihesa,
Iringa.
14 Juni, 1976.

Mpendwa Shangazi Mwanakhamisi,

Assalaam alaykum. Shikamoo, na shikamoo ya pili umfikishie Mzee Othmani. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na goti lako limepatana na baridi ya Mbeya mwaka huu. Sisi huku hatujambo. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole, lakini mama anaota jua ukutani na kikohozi kimemwacha.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nilipofika pale unapouliza, kwa niaba ya jirani yako Mama Nyanda, kama ni kweli iko mikanda ya umeme inayoyeyusha tumbo kwa joto, nilishtuka. Nilidhani kuna mtu amekuandikia habari zangu. Kama hakuna, basi nazieleza mwenyewe, maana mkanda huo nimeujaribu, na sababu ya kuujaribu ni gauni ulilonishonea.

Gauni lilipofika, wiki tatu zilizopita, nilifunga mlango nikalivaa. Zipu ilipanda hadi kiunoni ikagoma. Siku ile uliyonipima nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye homa, mwembamba kama fito, na tangu hapo nimekula viazi vya Iringa bila huruma. Nilikaa kitandani nikalia. Najua satini ile ilivyopatikana kwa shida, najua macho yako yalivyo sasa, na kila ushanga uliutia kwa mkono wako. Ningekuambiaje kwamba halinitoshi, na harusi yangu ni mwezi ujao? Mama nilimwambia limenikaa sawasawa. Niliona bora nidanganye kuliko habari ikufikie wewe. Unisamehe.

Karibu na ghala ninalofanyia kazi pale Ipogolo anakaa rafiki yangu Esta, ambaye kaka yake alimletea mkanda wa namna hiyo kutoka Ulaya. Ni mpana, wa plastiki, na ndani una nyaya. Unaufunga tumboni, unachomeka kwenye umeme, unajifunika blanketi na kusubiri. Karatasi yake inaahidi kwamba mafuta ya mwili yatayeyuka. Nikawa naenda kwa Esta saa ya chakula, badala ya kula. Shangazi, ni kama kukumbatia sufuria ya maharage! Nilikuwa nikitoka hapo nguo zimelowa chapa na ngozi ya tumbo imewiva.

Nawe unajua kazi yangu ni kupima magunia ya maua ya pareto yanayoletwa na wakulima. Siku ya kwanza nilipanda kwenye mizani ya ghala kabla ya kwenda kwa Esta, na niliporudi nikapanda tena. Kilo moja nzima ilikuwa imetoka. Nilifurahi hata nikamwandikia mkulima mmoja jina la mwenzake. Kesho yake asubuhi ile kilo ilikuwa imerudi. Nikadhani kosa ni chai, nikaacha chai. Ikarudi tena. Nikapunguza na maji. Siku ya tano ghala lilianza kunizunguka.

Siku hiyohiyo Mzee Timotheo, mkuu wetu, alinikuta juu ya mizani, viatu mkononi. Mtu huyu akikohoa tu mimi huangusha kalamu. Nilijua kazi imekwisha.

“Binti Zubery,” akasema, “leo tunanunua makarani?”

“Mpokee, Mzee!” akadakia Filemoni, mpagazi wetu, akiwa na gunia begani. “Huyu ni daraja la kwanza!”

Ghala zima likacheka. Nikaeleza yote. Mzee hakufoka. Aliniuliza, mkulima akileta maua mabichi, nayapokea? Nikajibu siyapokei, namrudisha akayaanike, kwa sababu yakikauka kilo zitapungua.

“Na maua nayo yatakuwa yamepungua?”

“Hapana, Mzee. Yanayotoka ni maji.”

“Basi nenda kanywe maji, mwanangu, kabla hatujakuanika na wewe.”

Nilikunywa vikombe vitatu mfululizo. Nimesoma hadi kidato cha nne, kila siku nawarudisha kina mama na magunia yao mabichi, na bado sikuliona hilo kwenye tumbo langu mwenyewe! Kwa hiyo mwambie Mama Nyanda kwamba mkanda unakausha, haupunguzi. Hata kiuno, ukikipima mara tu baada ya kuufungua, kimeingia kidole kimoja kwa kubanwa; jioni kimerudi mahali pake. Esta anauvaa tangu Pasaka, na ni Esta yuleyule, mashallah.

Hata hivyo gauni lilikuwa bado linanisubiri. Jumamosi nilijikaza nikalipeleka kwa Roza, fundi cherehani wa hapa Kihesa, nimuulize kama kuna dawa. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, akaanza kucheka.

“Aliyeshona hili ni nani wako?”

“Shangazi yangu.”

“Basi anakujua kuliko unavyojijua. Njoo uone.”

Nikaona. Kwenye kila ubavu ulikuwa umekunja ndani vidole vitatu vya satini, umevishika kwa nyuzi ndefu zilizolegea, za kukatwa tu. Kitambaa ambacho ungeweza kujishonea blauzi, ulikificha mle kwa ajili yangu. Kumbe siku ile ulinipima na kwa macho pia, ukajua homa itaondoka. Roza alikata, akapitisha cherehani, na kabla ya adhuhuri zipu ilipanda hadi juu bila kusukumwa. Niliinua mikono, nikakaa, nikainama. Kisha nikamwambia mama ukweli wote. Alinipiga kofi dogo la begani, akaniletea maandazi mawili, nikayala nikiwa nimelivaa.

Mama na Esta wanakusalimu sana, na Roza anasema uje amwone fundi mwenzake. Msalimie Mzee Othmani na Mama Nyanda. Mwenyezi Mungu ayatunze macho yako na mikono yako, akufikishe kwetu salama uje kunivalisha mwenyewe.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wote,

Jaha Zubery