Mstari Nilioukimbiza

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi asubuhi, uani. Baridi. Magoti yanauma, koo safi. Mudi, DJ wangu, ametuma biti mpya, ya kasi kuliko ile ya kwanza. Kwenye singeli ukivuta pumzi pasipo mahali pake umeachwa. Nimeachwa mara mbili. Baadaye nikaishika.

Wimbo tuliorekodi juzi unazunguka kwenye simu Nachingwea nzima. Leo muuza chipsi kaniita Cherehani, jina langu la jukwaani, nililopewa kwa sababu ya miguu. Mama halipendi. Anasema Sharifa lina ubaya gani.

Tarehe 28 ni Ruangwa, uwanjani. Atakuwepo mtu wa matamasha kutoka Dar, anatafuta msanii mmoja wa kuzunguka naye mikoani. Nautaka ule mzunguko. Naandika hapa kwa sababu nikisema kwa mdomo wataniambia naringa.

Jumamosi, 14 Juni

Harusi Nambambo. Uwanja umejaa, vumbi, wanawake wamefunga khanga viunoni. Nyimbo mbili za mwanzo, moto. Nikaingia na ule mpya, wa kwenye simu. Kilipofika kibwagizo, wanawake wakaacha kucheza. Si kwa kuchoka. Wale watu wazima kati yao wakaanza kutoka, mmoja mmoja. Mmoja alijifunika khanga usoni. Wanaume wakaendelea kucheza, hawana habari. Na mimi nikaendelea kuimba maana sikujua niufanye nini mdomo wangu.

Pilau niliwekewa peke yangu. Hakuna mwanamke aliyekuja kukaa nami.

Najua kwa nini. Nilijua kabla sijashika sahani.

Jumapili, 15 Juni

Ule mstari wa kibwagizo ni wa unyago. Nilifundishwa nilipochezwa, ndani, wanawake peke yao. Hauimbwi mbele ya wanaume. Huku kila mwanamke anajua, na mimi najua. Studio ulinijia wenyewe tu, ukakaa kwenye biti kama umepimiwa. Nikaukimbiza. Nikaukimbiza mpaka maneno yakawa kama bisi zinaruka kwenye sufuria. Nilidhani kasi itauficha.

Wanawake wa Nambambo hawakuutambua kwa masikio. Waliutambua kwa miguu. Mguu ukishaanza kukanyaga vile, mwenyewe unajua ulifundishwa wapi.

Mjinga mimi. Mjinga mwenye sauti nzuri.

Jumanne, 17 Juni

Mama mdogo kaja kutoka Mbekenyera. Hakutaka hata maji. Mdogo wangu Hadija yuko huko kwake, anachezwa likizo hii, na mimi ndiye somo wake: wa kukaa naye, wa kumwelekeza, wa kumtoa siku ya mwisho. Tulikubaliana tangu mwaka jana. Hadija mwenyewe ndiye aliyenichagua.

Mama mdogo aliongea amesimama.

"Nyakanga kasema Cherehani asiingie. Sharifa angeingia. Huyo Cherehani yeye hamjui."

Nyakanga ndiye mkubwa wa unyago pale. Akisema hapana, hakuna pa kukata rufaa. Nimelia. Mama alikuwa anapepeta ufuta, hakunitazama. Ungo ulikuwa unaenda vilevile, juu, chini. Heri angenigombeza.

Alhamisi, 19 Juni

Studio. Nimemwambia Mudi tuutoe mstari. Akacheka. Alipoona sicheki akauliza kwa nini.

Hapo ndipo pana kazi. Siwezi kumwambia kwa nini. Nikimweleza sababu nimeshampa na siri yenyewe, basi nitakuwa nimekosa mara mbili. Nikasema koo. Hakuamini. Nikasema sijisikii. Akaniuliza kama nimechukuliwa na studio ya Masasi.

"Dada, watu wanaucheza huu wimbo kwa ajili ya hako kamstari. Ukikatoa unabaki na nini?"

Swali zuri. Ndiyo maana limeniudhi. Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 21 Juni

Bodaboda mpaka Mbekenyera. Nyakanga nilimkuta anagombana na kuku walioingia kwenye ufuta wake. Shikamoo yangu aliijibu kuku walipokwisha kutoka. Hakunikaribisha kiti. Akaniambia nicheze. Bila ngoma, bila simu, pale pale kwenye vumbi, majirani wanaona. Nikacheza. Aibu nilisikia mpaka shingoni.

"Miguu sikukatazi," akasema. "Miguu yako. Maneno yale si yako, wala mimi si yangu. Yaache huko huko ndani."

Nikauliza: nikiyaacha, nitaingia kwa Hadija? Akasema kuku wanarudi, nishike fimbo.

Nimefukuza kuku mpaka jua likageuka. Nimerudi bila jibu.

Jumatano, 25 Juni

Sijalala vizuri tangu Jumapili, lakini nimepata njia. Sitauondoa mstari kwa kuweka mwingine. Nitapaacha mahali pake patupu. Kibwagizo kikifika nafunga mdomo, inabaki ngoma na miguu.

Mudi amekasirika kweli. Kimya kwenye singeli, anasema, ni kuua uwanja. Alitaka kumpa msichana mwingine nafasi yangu. Kilichoniokoa ni mabango. Yameshabandikwa Ruangwa nzima, na sura iliyopo ni yangu.

Kama mtu wa Dar ataniacha, ataniacha. Nimeandika hivyo lakini simaanishi. Naogopa.

Jumamosi, 28 Juni

Ruangwa. Watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mbele yangu. Wanawake walikaa kushoto, karibu na spika, mikono wamekunja. Habari za Nambambo ziliwafikia. Nikaanza. Kibwagizo cha kwanza nikafunga mdomo. Ngoma peke yake. Mudi akainamia mashine zake asinione. Nilihisi uwanja unanitoka.

Cha pili, wanaume wakaamua kunisaidia. Wanaujua wimbo kwenye simu, bwana. Wakaimba wao, kwa sauti kubwa, uwanja mzima:

"Kaanga mayai! Kaanga mayai! Mama Zai, kaanga mayai!"

Sikuamini. Mstari hauna yai wala Mama Zai. Wiki zote hizi hivyo ndivyo walivyokuwa wanausikia. Kasi iliuficha kweli, uliwafikia wao ukiwa upuuzi mtupu.

Nikawaangalia wanawake. Walikuwa wananiangalia. Halafu mama mmoja mnene akaanza kucheka, akamshikilia jirani yake asianguke, na kicheko kikaenda safu nzima. Cha tatu kilipofika hawakuwaachia wanaume nafasi. Walipiga vigelegele, pale pale penye pengo, mpaka mayai hayakusikika tena. Na miguu yao chini, ile ile. Nilicheza huku nalia na watu wakadhani ni jasho.

Mtu wa Dar alinifuata nyuma ya jukwaa. Anautaka wimbo, lakini ule wa kwenye simu, wenye maneno. Nikamwambia upo huu tu. Akasema nifikirie. Nikasema nimeshafikiria. Amemchukua kijana mwingine, anaimba vizuri.

Jumapili, 29 Juni

Inauma. Hakuna zaidi.

Jumatano, 2 Julai

Mudi kanifuata nyumbani. Anasema tangu Jumamosi watu wanaomba ule wa vigelegele, tuurekodi upya. Hakuuliza tena sababu. Aliniuliza tu, kwa upole, kama yeye pia alikuwa anaimba mayai. Nikamwambia ndiyo. Tumecheka mpaka mama akatoka ndani kuangalia.

Jioni mama mdogo akapiga simu. Nyakanga kasema nije Ijumaa, nisichelewe. Basi. Nilimwuliza kasema nini kingine. Hakuna kingine.

Jumapili, 6 Julai

Tumetoka jana. Hadija alipakwa mafuta, amevaa vipya, anatembea ameinamisha macho, hakukosea hata hatua. Wanaume walikuwa wamepanga mstari barabarani na zawadi zao, baba mbele kabisa, anajifanya ana vumbi jichoni. Nilitembea nyuma ya mdogo wangu, mkono begani kwake. Leo kachoka, kalala hapa pembeni, mdomo wazi.

Ijumaa nilifika mapema. Nyakanga alinitazama kutoka juu mpaka miguuni, akasogea pembeni. Mlango ulipofungwa nilikuwa upande wa ndani. Ya huko siyaandiki.