Kikombe cha Nassor

Jumatatu, 3 Novemba
Safu ya vikombe, mizani, maji yanayochemka. Waonjaji wa chai wamevuta, wametema, wameondoka. Kazi yangu kuandaa na kuosha. Wakishatoka, naonja mwenyewe.

Assam ya leo nzito, nyekundu, inang'ata ulimi. Chai ya bondeni, kando ya mto mkubwa, joto na mvua tele. Darjeeling ni ya mlima wa baridi; jani hukua polepole, harufu ikapata nafasi. Nilgiri ya milima ya kusini, safi, haina ugomvi. Haya sikujifunzia hapa London. Kaka yangu Nassor alinifundisha jikoni kwetu Malindi, Unguja, alipokuwa muonjaji wa mfanyabiashara wa chai. "Assam anagonga mlango. Darjeeling anapiga hodi. Nilgiri, ukigeuka tu, keshaingia keshakaa."

Walimchukua asubuhi moja baada ya mapinduzi. Chai yake ilibaki mezani. Hatukupewa maiti wala habari.

Nimefika nyumbani Walthamstow giza limeshaingia. Mama amemimina vikombe vitatu. Chake, changu, na cha Nassor, kimefunikwa kwa kisahani. Kila siku. Hakinywi mtu. Kikipoa anakimwaga.

Nyumba nzima inanuka Darjeeling. Sisi tunakunywa vumbi la Assam la bei rahisi la dukani. Darjeeling hatuna.

Jumatano, 5 Novemba
Fataki mtaa mzima. Waingereza wanachoma sanamu ya mtu wa zamani aliyetaka kuwapindua, na watoto wao wanapiga makofi. Halafu watu hawa hutufundisha ustaarabu.

Mama nimemkuta chini ya ngazi, kati ya ndoo na fagio. Anadhani ni bunduki. Ameniuliza kama Nassor amefunga mlango. Nimemjibu amefunga.

Nimemaliza makala ya gazeti la Wazanzibari wa hapa. Kali. Mtu ni jani, nimeandika. Udongo ndio tabia yake. Ukimng'oa, unabaki na rangi bila ladha. Sisi wa uhamishoni tumekuwa maji ya rangi, na wenye hatia ni wale waliotung'oa. Watanitukana. Watukane.

Ijumaa, 7 Novemba
Ujumbe kutoka msikitini. Kuna mtu amekuja kutoka Unguja, jina lake Hamadi. Anasema alikuwa gerezani pamoja na Nassor. Anataka kuja Jumapili.

Nawajua hawa. Ukijulikana kwa kuandika, mara anatokea mtu mwenye habari za maiti wako. Hutumwa kuja kukuvunja.

Mama hajui. Watu walishamwambia mara nyingi amsomee Nassor hitima. Hujibu, "Hitima ya mtu hai ni uchuro." Nami siku zote nimemtetea kwa sauti kubwa. Sauti kubwa ndiyo niliyo nayo. Nikikubali Nassor amekufa, nani atamwambia mama asimimine kikombe cha tatu?

Jumapili, 9 Novemba
Amekuja. Mwembamba, koti la kuazima, mabega yamezama ndani yake. Mama alikuwa chumbani amelala. Sikumpa kiti.

Nikamuuliza: nani kakutuma? Nani kakulipia ndege?

"Dada Rukia, ulimi ndio huo huo alionisimulia."

"Kakusimulia nini?"

"Kuwa kalamu yako kisu, na chai yako haina ladha."

Nikamwambia atoke. Mtu yeyote wa Malindi angeweza kusema hivyo. Alivaa kofia yake bila kugombana. Mlangoni akakiona kile kikombe kilichofunikwa, akasimama.

Amesema gerezani asubuhi walipewa chai ya majani yaliyochemshwa jana na juzi. Nassor alikuwa akivuta kwa kelele, akifumba macho. "Wenzangu, leo tumebahatika. Ya mlimani, mchumo wa kwanza." Kesho yake Assam. Wakicheka mpaka askari anakuja na fimbo. Siku ya mwisho alikuwa na homa. Wakamlowesha midomo kwa chai ile ile. Akasema, "Nilgiri. Keshaingia keshakaa." Hakusema tena.

Maneno hayo hayakuwahi kutoka nje ya jiko letu.

Nilikaa sakafuni. Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Sijui tangu lini.

Jumanne, 11 Novemba
Nimevunja vikombe viwili kazini. Nina hasira na hakuna wa kumpa.

Makala nimeichana kabla sijaipeleka. Ni udongo gani uliompa Nassor mchumo wa kwanza ndani ya maji ya gereza? Nieleze, wewe mwandishi mkubwa.

Mama anachemsha maji. Anamimina vitatu. Anafunika. Harufu ya Darjeeling imejaa mpaka kwenye mashuka. Naogopa kulala. Naogopa zaidi harufu isije ikaondoka.

Alhamisi, 13 Novemba
Asubuhi, nikifunga viatu, mama akasema: "Waite watu. Jumapili. Na yule kijana aje."

Basi.

Jumapili, 16 Novemba
Hitima imesomwa. Wanaume sebuleni, wanawake jikoni na kwenye ngazi, juzuu zikipokezwa mkono kwa mkono. Sikubishana na mtu.

Baada ya alasiri watu wametawanyika. Mama amemzuia Hamadi. Nimepika Nilgiri niliyokuja nayo kutoka kazini. Mama amemimina vikombe vitatu. Cha tatu hakukifunika. Alikisukuma mbele ya Hamadi.

"Kunywa, mwanangu."

Hamadi alinitazama. Kisha akavuta kwa kelele, macho amefumba.

"Ya wapi?" mama akauliza.

"Sijui, Bi Zuwena. Mimi nilikuwa nacheka tu."

Mama amecheka. Sijamsikia akicheka tangu tufike nchi hii. Amekunywa chake, na Hamadi amemaliza chake mpaka chini.

Nyumba inanuka ubani na Nilgiri. Nimenusa kila chumba, hata chini ya ngazi. Darjeeling haipo tena.

Mama amekiosha kisahani, amekifuta, amekirudisha kabatini pamoja na vingine.