Nyumba Uliyoivaa

Mpendwa Mama,

Mkasi uko mezani. Kesho tunaondoa matanga yako hapa Alunguli, na wadogo zako wamekuja kugawana vikwembe vyako vinne vya zamani, vile vitenge vya waksi, kama desturi inavyotaka. Hawatavikuta. Nimevikata. Nakuambia mwenyewe kabla hawajaja kunishtaki kaburini kwako.

Unakumbuka asubuhi ile ya vita tulipoukimbia mji? Njiani watu wenye silaha walikuwa wananyang'anya kila bunda. Wewe hukufunga bunda. Ulivaa vikwembe vyako vyote, kimoja juu ya kingine. Waksi nzuri haifichiki hata ukiigeuza, ina rangi pande zote mbili, kwa hiyo kile cha juu kabisa ulikipaka mafuta ya mawese na majivu, makusudi, mpaka mimi mwenyewe nikaona haya kutembea nawe. Ulikuwa mnene ghafla! Mwenye mtumbwi alikutazama akacheka.

"Mama, hiyo mimba njo ya mapacha?"

"Hapana, papa. Hii njo nyumba yangu. Nimeivaa."

Nikataka kucheka, ukanifinya paja. Tukavuka mto Lualaba, tukaenda hadi vibanda vya shambani, na huko mdogo wako, Mama Sifa, alikuwa amejifungua bila hata kitambaa cha kumbebea mtoto. Ulijiambua kikwembe kimoja kama mtu anavyomenya kitunguu, ukamfungia mtoto mgongoni mwake. Hukukidai tena. Vikabaki vinne, na vita vilipoisha tukarudi navyo. Kile cha mawese ulikifua miaka mingi, na doa halikutoka.

Nimevishona vyote kuwa joho moja refu. Doa nimeliweka kifuani.

Juzi Mama Sifa aliliona joho likiwa nusu, akapiga kelele hadi majirani wakachungulia. "Bikwembe ya mufu haikatwe! Inagawanywa! Kila mutu anabeba yake, anavaa, anakumbuka dada yake." Na kwa desturi, Mama, ana haki. Wewe hukuniachia wasia, ningekuwa nao ningeutoa. Nilimjibu mwenyewe: "Mama mudogo, moja itaenda Punia, ingine Lokandu, ingine sijui wapi. Nyumba yake itabaki wapi? Hii mutavaa nyote, kwa zamu, harusi na kilio." Akasema nina kichwa kigumu. Nikamwambia nimekirithi.

Usinione shujaa. Kile cha ndege wa bluu nilikiweka mwisho, kwa sababu bado kina harufu yako ya sabuni na moshi, na nililia nikakilowesha. Halafu nikakata. Nilijua nikisubiri ruhusa ya ukoo mzima, panya watashona kabla yangu.

Nilipungukiwa na kitambaa cha mgongo tu. Nikaweka bitana nyeupe, nikaacha hivyo hivyo, wazi kwa kila mwenye macho. Sikwenda kuomba kwa mtu.

Leo asubuhi Mama Sifa alirudi. Hakusalimia. Aligeuza joho huku na huku, kidole chake kikasimama kifuani.

"Na hii mafuta, juu ya nini haukutosha, haukuifua itoke?"

"Mama njo aliipaka. Siitoshe."

Halafu akageuza mgongo wa joho, akaiona bitana. Akasimama, akafungua kikwembe alichokuwa amevaa, na chini yake alikuwa amevaa kingine. Nilikitambua mara moja, Mama. Kimechakaa pale fundo la mtoto lilipokuwa linabana. Kumbe miaka yote hii hakukitupa. Alikivua, akakilaza chini ya mkasi wangu.

"Kata," akasema. "Lakini alama ya fundo, usiiguse."

Sikuigusa. Imekaa katikati ya mgongo, na nyumba yako sasa imetimia.

Nimekukumbuka sana kwenye mashine hii ya kushonea, zaidi hata ya siku ya mazishi. Lakini sina huzuni ya kukunja mikono. Kesho nitalivaa mbele ya ukoo wote, na jua likiwaka liwake. Litakuwa zito, nitavimba kama wewe siku ile. Na yeyote atakayeniuliza nimenenepa nini, jibu ninalo.

Pumzika, Mama. Huku mlango wa nyumba yako umefungwa vizuri.

Mwanao,
yule uliyemfinya mtumbwini