Tata, Vitabu Vilikuwa Viwili

Tata,

Ulikuwa ukisema lugha yetu ya Ekegusii ni ya mdomo, barua ni ya Kiswahili. Barua zangu za bwenini ulizirudisha zikiwa zimejaa wino mwekundu, na leo mimi binti yako ndiye mwalimu wa Kiswahili hapa shule ya Sironga na bado nakuogopa. Najua pia ulivyofundisha katika shule ya Sabato, kwamba aliyekufa amelala na hasikii kitu. Basi naandika nikijua husikii.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Sijalia. Siku ya mazishi niligawa soda, nikapanga viti, nikamshika Mama mkono, na Jumatatu nikarudi darasani. Nakula, nalala, nasahihisha insha. Mke wa kaka yangu Ombati ameniambia usoni kwamba tungekuwa watatu wenye moyo kama wangu, mji ungekauka. Hapo pa kulilia pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na mimi naendelea kuukalia.

Habari za nyumbani ni za kawaida. Ng'ombe alizaa, dume tena. Mama ameacha kutia maziwa kwenye chai ingawa maziwa yapo. Anasema hayana ladha. Kule kanisani mzee aliyechukua somo lako anasoma moja kwa moja hadi mwisho bila kuuliza mtu swali, na watu wanafika kwao mapema. Nadhani wengine wanashukuru.

Lakini sikuketi kukuandikia habari za ndama. Leo ni Sabato, na kesho asubuhi Ombati ameita kikao cha nyumba. Ameniagiza nije na kile kitabu cha Mchina. Kabla sijakipeleka kuna jambo lazima nikuambie, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi na yangu imefika mwisho.

Unakumbuka ilivyoanza. Macho yako yalikuwa yamekwisha kwa presha, umebaki na redio, na yule mchambuzi wa siasa kila asubuhi anasema Mchina wa zamani alisema hivi kuhusu vita, Mchina wa zamani alisema vile. Ukachoka naye. Ukaniambia, "Nenda ukanitafutie huyo Mchina mwenyewe, huyu anatuchezea." Wakati huo kesi ya mpaka na baba mdogo Onchari ilikuwa imekwisha na umeshinda. Sarveya alikuwa amepima, na ule ukanda wenye njia anayopandia kwenda barabarani ukaonekana ni wako. Chini ya boma lake kuna mto, kushoto ua wa jirani, kulia mikaratusi yenu mliyogombania miaka tisa bila kusalimiana, kwa hiyo njia nyingine ya kutokea hana. Nguzo zilikuwa tayari na seng'enge iko stoo. Ulitaka kitabu cha vita, na sote tulijua vita gani.

Nilikipata soko la Daraja Mbili, kwa mama anayeuza vitabu vya mitumba juu ya turubai, kando ya wauza viatu. Vilikuwa viwili, Tata. Nilikuambia kilikuwa kimoja. Mchina ni yule yule, ila waliomtafsiri ni watu tofauti. Kimoja chembamba, maneno matupu tu, ukurasa hadi ukurasa. Kingine kinene, na chini ya kila neno wazee wengine wa Kichina waliokuja baadaye wameeleza maana yake, na wakati mwingine wanabishana. Yule mama aliniambia, "Madam, chukua hii kubwa, hii iko na maelezo." Nilijua ungetaka hicho. Wewe uliyekuwa ukisoma Maandiko kwa lugha tatu na kuwauliza washiriki mbona hapa wamesema hivi na pale wamesema vile! Lakini nilipiga hesabu ya Jumapili zangu. Kukusomea kile kinene, nikitafsiri kwa Ekegusii neno kwa neno, ingenichukua hadi Krismasi. Nikachukua chembamba. Ukaniuliza, "Hakuna chenye maelezo?" Nikasema hakuna.

Tulikimaliza kwa Jumapili nne, pale barazani, wewe umefunika magoti kwa koti. Ulikuwa unacheka peke yako mahali ambapo mimi sioni cha kuchekesha. Jumapili ya tatu tulifika pale anaposema juu ya adui uliyemzunguka pande zote. Kile chembamba kinasema kwa ufupi tu kwamba umwachie upande mmoja. Basi, kinaendelea na mengine. Ukaniambia, "Soma tena." Nikasoma tena. Kisha ukamwita Ombati, ukamwambia seng'enge iwekwe, lakini pale njiani paachwe wazi, hatua mbili. Hukueleza sababu. Ombati alikasirika siku nzima, akaacha hatua mbili.

Wiki tano baadaye ulikuwa umelala.

Sasa Ombati anataka kuziba. Anasema wewe hukuwa mtu wa kuachia mtu kitu, na hilo kila mtu kwetu Nyamache analijua. Maneno yake ni haya: "Mzee alikuwa na mpango, na mpango uko kwa hiyo kitabu. Tusome, tumalizie kazi yake."

Kwa hiyo nilirudi Daraja Mbili. Kile kinene kilikuwa bado pale, kimepauka jalada kwa jua. Nilikisoma hapa chumbani kwangu Sironga, nikitafuta ule ukurasa. Chini yake wale wazee wameandika kirefu. Wanasema adui huachiwa upande mmoja si kwa huruma. Aliyefungiwa hupigana hadi kufa. Aliyeona pa kutokea moyo wake hulegea, anageuza mgongo, na hapo ndipo unampiga. Nilisoma mara tatu kwa sauti kama ulivyokuwa ukiniamrisha. Kisha nikafunga kitabu nikaenda kusimamia chakula cha jioni cha wanafunzi.

Ningekuwa nimenunua hiki kwanza ungesema nini? Labda ungeona ni hila tupu ukaziba njia palepale. Au ulikuwa na akili kuliko wale wazee wote, ukaona mwenyewe walichokiona bila kusomewa, na zile hatua mbili zilikuwa chambo. Ulikuwa mjanja, Tata, wala siwezi kukataa. Nakupenda na sijui ulikuwa unafanya nini.

Ninachojua ni hiki. Siku ya mazishi baba mdogo alipitia pale pale pa wazi, yeye na mke wake na wake za wanawe, wamebeba ndizi na viti vyao wenyewe. Jina lake halikuwekwa kwenye ratiba. Alisimama nyuma ya watu amevua kofia mpaka udongo ukaisha. Na juzi nilipokuja nyumbani nilikutana naye hapo asubuhi, na fimbo. Akanisalimia, "Bwakire," kama mtu asiye na kesi. Kisha akasema, "Tata yako alinifungulia. Hakuniita, lakini alinifungulia. Nilikuwa najipanga nije tuongee, akanitoroka." Alisema hivyo akiangalia chini. Mkewe alikuwa nyuma na gunia la majani ya chai mgongoni, akasogea pembeni ili mimi nipite kwanza. Mimi, Tata. Kwenye shamba letu.

Ombati ana jambo la pili kesho. Ameleta karatasi ya mirathi kutoka mahakamani, ile ambayo mabinti hutia sahihi kwamba wameridhia na hawadai kitu. Dada zetu wametia. Limebaki jina langu. Nilikuwa nimekusudia kutia bila hata kuisoma, kwa maana shamba nitalipeleka wapi, na kwetu binti huwa hana neno kwenye mpaka. Hivyo ndivyo ulivyotulea na sikuwahi kubisha.

Nimefikiria kupeleka kile chembamba peke yake. Ombati hatajua. Lakini huo ungekuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza, tena kwa mambo yale yale. Kwa hiyo kesho nitakuja na vyote viwili. Nitawaambia nilikudanganya. Nitawasomea ukurasa ule kutoka kila kimoja, kwa Ekegusii, bila kuruka mahali, na Ombati akitaka kuchukua kile kinene kiwe ushahidi wake kwamba ulikuwa vitani, achukue. Halafu nitawaambia kwamba karatasi siitii sahihi mpaka waandike fungu langu. Sitaki shamba la chai, sitaki mikaratusi, wala sehemu ya kujenga. Nataka zile hatua mbili, kutoka nguzo hadi nguzo, ziwe kwa jina langu.

Watasema nimeharibiwa na mji. Ombati atapaza sauti na Mama atainama. Naogopa, na hata woga wenyewe nausikia kwa mbali.

Lala sasa, Tata, mpaka parapanda ikuamshe. Nakuahidi baba mdogo atapita, na wanawe watapita, maadamu mimi ni hai. Kama ulimwachia njia kwa sababu ni ndugu yako, basi nimekutii. Na kama ulikuwa umemtega, nisamehe. Mtego wako nitauharibu.

Ni mimi binti yako,
Kwamboka