Mizani Tatu za Mama

Jumatatu. Ukungu umeshuka mpaka barabarani na Tukuyu yote inanuka udongo mbichi. Naandikia kwenye duka la intaneti hapa Ibighi, chumba kilichokuwa ghala la kahawa la chama cha ushirika. Sina hasira na mtu. Nimejichoka tu.

Juzi tulimjengea baba kaburi, kule nyumbani Mpuguso. Mama alikuwa ametunga shairi la kumuaga, beti nne, akanipa nilichape kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Nikalikagua kama ninavyokagua kazi za kidato cha tatu. "Uliipanda migomba, na mvua haijanyesha." Nane kwa nane, vina vimetulia. Kwa mtu aliyejifunza ushairi kwa kusikiliza redio huku akimenya ndizi, nilishangaa.

Kasoro ilikuwa moja, na ilijirudia kila ubeti, kwenye kibwagizo: "Lala salama mwenzangu, mwana wa yule." Kipande cha pili kina mizani tano. Nikaona mama kaishiwa maneno. Babu, yaani baba yake baba, aliitwa Asegelile. Ukiliweka jina hilo pale, mizani zinatimia nane na kina cha "le" kinabaki. Nikaliweka mara nne, nikajipongeza.

Sikumwuliza.

Mama alisimama kaburini, miwani puani, akasoma vizuri mpaka kibwagizo cha kwanza. "Mwana wa..." Akanyamaza. Watu wakadhani ni kilio. Mimi nilielewa kabla hajainua macho, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kwetu mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake. Nilikua nikimwona mama akijificha migombani babu akipita. Ila mimi, msomi, nilidhani heshima hiyo ilikoma babu alipofariki.

Akakunja karatasi, akaanza upya bila kutazama popote. "Mwana wa yule." Akatua. Katika kimya kile wanawake wote walioolewa kwenye ukoo wetu, wazee kwa vijana, waliinamisha vichwa. Kisha akaendelea na ubeti wa pili. Zile mizani tatu nilizoziona zimepungua zilikuwa na kazi yake, na kila mke pale aliijua.

Baadaye jikoni aliniambia, wala hakupandisha sauti, "Gwe mwanangu, tangu nimeolewa sijalitamka. Ulitaka nilitamke leo, wakati namuaga mume wangu?"

Nikamjibu kwamba mizani zilikuwa pungufu.

Ndiyo, nilijibu hivyo. Akanipakulia chakula, akatoka kwenda kwa wageni.

Sijamwomba radhi hadi sasa. Nimeandika yote haya ili nisiende, najijua. Basi nazima kompyuta, napanda gari la Mpuguso. Nitamwambia nimekosa, na akinyamaza, nimwache anyamaze.