Diski Zote Mbili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepunguza maumivu, na shangazi hajambo. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauko mahali pake. Ndiyo maana naandika; kwenye simu ningelia tu.

Unaikumbuka filamu yangu ya katuni, ile ya bibi muuza vitambaa niliyemchora kwa sura yako? Ndiyo iliyonipatia kazi ng'ambo, kwa sharti niipeleke ikiwa imekamilika. Kaka ndiye aliyenipangia kompyuta. Diski ya ndani aliigawa sehemu mbili: moja ya programu za kuchorea na kuhariri, nyingine ya kazi yenyewe, ili programu zikisumbua kazi isiguswe. Kisha akaniletea diski ya nje ya kuwekea nakala, tukawa tunaifungia kabatini. Nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi moja wiki iliyopita niliwasha kompyuta. Programu zote zipo, sehemu ya kazi tupu. Nikakimbilia kabatini, nikachomeka diski ya nje. Nayo tupu! Mama, niliketi sakafuni nikaichomoa na kuichomeka tena na tena. Kaka alinikuta hapo, akaninywesha maji, akasema huenda ni umeme, mashine ndivyo zilivyo.

Nikapeleka kompyuta na diski ya nje kwa fundi. Alizipima, kisha akaniuliza nani mwingine hushika mashine yangu. Nikamwambia ni umeme tu, maana hata diski ya nje hufungiwa kabatini. Akatikisa kichwa.

"Umeme haufungui kabati, dada. Diski hizi ni nzima. Kuna mtu amezifuta, moja baada ya nyingine."

Nilirudi nyumbani nikijiambia fundi amekosea. Nikamsimulia kaka, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi akafunika uso kwa viganja. Nikamuuliza nimemkosea nini. Nilijiandaa kusikia wivu, mama; wivu ningeuelewa. Akasema alikataa mara nyingi, lakini ulikuwa unampigia simu ukilia kwamba baba ameshatutoka, na mimi nikienda utabaki na kuta. Mwishowe ukamwambia, "Wewe ndiye unayezijua hizo mashine. Fanya lolote asiondoke."

Nimeyaandika maneno hayo, na bado siamini kuwa ni yako.

Fundi ameirudisha filamu, isipokuwa sauti za mwanzo, ambazo nitazirekodi upya. Nitaipeleka, mama. Na safari ikiiva, nitakwenda. Kaka hajui atazame wapi siku hizi. Tafadhali usimgombeze kwa kuniambia.

Jumamosi nakuja. Sitaki kuombwa radhi, wala sitaki shangazi atusuluhishe. Nataka tukae wawili tu, uniambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba unaogopa kubaki peke yako. Ulimwambia kaka, ukaziambia hata kuta. Mimi hukuniambia.

Msalimie shangazi akija kukutembelea, na ujitunze hadi tuonane.

Ni mimi, kitinda mimba wako, ambaye bado nakupenda.